Mleta Maombi Ameachiwa Jana Jioni

BARUA YA WAZI

Kwa mawaziri wenye dhamana ya uhamiaji, wakurugenzi wa uhamiaji na wakuu wa vituo vya kuzuilia wahamiaji

YAH: KUWAHAMISHA NA KUWAACHIA WATEJA WETU USIKU WA KUAMKIA KESI

Waheshimiwa,

Leo saa tatu asubuhi niliingia mahakamani kulalamikia hali ya chumba anamozuiliwa mteja wangu, nikiwa na mafaili mawili, viapo vitatu na ripoti ya daktari niliyoihangaikia kwa wiki saba. Kabla sijafungua mdomo, wakili wa serikali alisimama, akainamisha kichwa, akasema: "Mheshimiwa Jaji, mleta maombi ameachiwa jana jioni. Tunaomba shauri liondolewe, kwa kuwa hakuna tena cha kuamuliwa." Jaji akanitazama. Nami sikuwa na la kujibu, maana nguzo ya maombi yangu ilikuwa mtu yule, na mtu yule hayumo tena. Saa tatu na nusu ilikuwa haijafika, shauri limeshaondolewa.

Hii ni mara ya nne kwangu. Wenzangu wanaofanya kazi hii wana hesabu zao, na baadhi zinazidi yangu.

Nafurahi kwamba ameachiwa, na nalisema hilo kwanza lisije likapindishwa. Alinipigia kwa simu ya mpita njia, akaniuliza kama anaruhusiwa kuvuka barabara. Miezi minane alikuwa hajavuka kitu bila kuomba ruhusa. Hakuna wakili mwenye moyo atakayetaka mteja wake abaki ndani ili kesi ipate kuendelea. Lakini godoro lake halikupoa. Usiku ule ule alilazwa mtu mwingine pale, na kila nilichokiandika kwenye maombi kiko vile vile: hewa ile ile, maji yale yale, mlango wa choo ule ule usiofungika. Chumba kimeponea tundu la sindano kwa mara ya nne, hakijatazamwa na jaji hata mara moja.

Mimi nimekiona. Niliingia mara moja tu, katika shauri la mwanzo kabisa, kwa amri ya mahakama na kwa dakika 20. Kilikuwa kimepakwa rangi asubuhi hiyo. Nilitoka na doa jeupe kwenye mkono wa koti, na halijatoka mpaka leo. Nilihesabu magodoro 11. Nikahesabu watu 26. Nikamwomba mkalimani awaulize wanalalaje. Walitazamana, kisha kijana mmoja akaeleza kwa vidole: hawa zamu ya kwanza, hawa zamu ya pili, na wale pale wanalala mchana. Yule mzee wa pembeni, mwenye mgongo, amesamehewa zamu. Analala usiku kucha na hakuna wa kumwamsha. Utaratibu huo waliutunga wenyewe, watu wa lugha tano ambao hawakuwa wamewahi kuonana. Nilisimama pale nikiwa na koti langu la mahakamani nikaona haya, kwa sababu sisi wenye vitabu vya sheria hatukuwa tumewatungia lolote.

Taa haizimwi. Wanaolala mchana hufunga shati usoni. Nilipoinua kona ya godoro moja, chini yake nilikuta fomu za malalamiko, zote tupu, zimepangwa kama mkeka ili kuzuia unyevu wa sakafu. Zimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja kati ya wale 26 aliyeweza kuisoma. Katika kiapo alichokiwasilisha mkuu wa kituo kuna aya isemayo kwamba tangu mwaka uanze hakuna lalamiko lolote lililopokelewa. Aya hiyo haina uongo ndani yake, na katika jalada zima ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Kila ninapoleta hoja ya nafasi, hewa au daktari, najibiwa kwanza kwamba hiki si gereza, wateja wangu si wafungwa, kwa hiyo kanuni za magereza haziwahusu. Nusu ya jibu hilo naikubali kwa moyo wote. Mteja wangu hajatiwa hatiani kwa kosa lolote; anazuiliwa ili serikali iamue kama atakaa au ataondoka. Lakini mkishasema si mfungwa, mnamweka mahali ambapo hakuna kanuni yoyote inayomfikia, wala ya mfungwa wala ya mtu huru. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, ziliiona njia hiyo ya kukwepa zikaiziba. Kanuni ya 122 inasema aliyekamatwa au kufungiwa bila kushtakiwa apewe ulinzi ule ule wa kanuni za msingi. Kanuni ya 14 inataka dirisha linaloingiza mwanga wa kutosha kusomea. Kanuni ya 21, kila mtu na kitanda chake. Kanuni ya 23, angalau saa moja ya hewa ya nje kila siku. Kumfungia mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo ni marufuku kabisa. Hicho ndicho kiwango cha chini kwa aliyeua na kwa aliyeiba. Mnapomlaza mtu asiye na shtaka chini ya kiwango hicho, mnieleze ni kwa kosa gani.

Najua mtasema kanuni si mkataba. Basi uchukueni mkataba wenyewe, ule wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 10: kila aliyenyimwa uhuru wake atatendewa kwa ubinadamu na kwa kuheshimu utu wake. Kila aliyenyimwa uhuru. Haikuuliza kama mlango umeandikwa gereza au kituo.

Jibu la pili huwa ni kwamba wanakaa siku chache tu. Mwaka 2011, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la mwomba hifadhi kutoka Afghanistan dhidi ya Ubelgiji na Ugiriki. Alikuwa amezuiliwa karibu na uwanja wa ndege wa Athens mara mbili, siku nne na baadaye kama wiki moja. Mahakama ilipokea maelezo ya msongamano, ya milango iliyofungwa, ya watu kulazimika kunywa maji ya chooni kwa sababu hawaruhusiwi kufika kwenye bomba la nje. Ikasema siku hizo chache zilitosha kuwa udhalilishaji. Na wateja wangu, waheshimiwa, hawahesabu siku. Aliyezuiliwa kwa muda mfupi zaidi kati ya wale wanne alikaa miezi mitano.

Hapo ndipo hali ya chumba na urefu wa muda vinapokuwa kitu kimoja. Mfungwa ana tarehe. Anajua akilala mara kadhaa atatoka, na siku mbaya anaipunguza kwenye hesabu yake. Godoro la zamu mtu anaweza kulivumilia siku tatu. Mwezi wa saba, wakati nchi yake haijibu barua na hakuna ndege iliyopangwa, godoro lile lile linamvunja. Kuna mtu aitwaye Kestutis Zadvydas, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi huko Ujerumani kwa wazazi wa Kilithuania. Marekani ilitaka kumfukuza. Ujerumani ikamkataa, Lithuania nayo ikamkataa. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba baada ya miezi sita, kama hakuna dalili ya kweli kwamba mtu ataweza kuondolewa hivi karibuni, serikali lazima itoe sababu nzito au imwachie. Australia ilikwenda njia nyingine: mwaka 2004, katika shauri la Al-Kateb, Mpalestina asiye na uraia wa nchi yoyote, mahakama yao ya juu kabisa iliruhusu kizuizi kisicho na mwisho. Ilichukua karibu miaka 20 kabla ya mahakama hiyo hiyo kuugeuza uamuzi wake, tarehe 8 Novemba 2023. Nafikiria mara nyingi ni watu wangapi walilala na kuamka ndani ya miaka hiyo wakiambiwa sheria iko sawa.

Sasa nirudi kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Kesi ya hali ya kizuizi haijengwi kwa siku moja. Kwanza lazima nimpate mtu aliye tayari kuweka jina lake, wakati anaowalalamikia ndio wanaomletea chakula. Nakutana naye kwa dakika 40 katika chumba chenye kioo. Simu na kamera yangu vinabaki getini, kwa hiyo ukungu wa ukutani nauchora kwa penseli. Mkalimani ninamlipa mfukoni au namwomba afanye kwa hisani. Rekodi za matibabu naziomba kwa barua, kwa barua ya ukumbusho, kisha kwa amri. Halafu, jalada likishaiva, moja ya mambo mawili hutokea. Ama mteja anaachiwa jioni ya kuamkia siku ya kusikilizwa, ama anahamishiwa kituo kingine umbali wa siku nzima ya safari, na mimi naambiwa kwamba hali ya kituo cha zamani haimhusu tena. Mashahidi wake, wale wa zamu ya pili na wale wanaolala mchana, wanatawanywa hivyo hivyo. Safari moja nilisafiri tangu alfajiri kwenda kumwona mteja, nikafika, afisa akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema huyu aliondoka jana. Wapi? Hakuwa na ruhusa ya kusema. Nilikaa kwenye benchi la getini nusu saa nzima kabla sijaweza kurudi.

Sidai kwamba kila uhamisho ni njama. Vituo hujaa, magari huja, orodha hupangwa na watu wasiojua kuna kesi. Ila inapotokea mara nne mfululizo, na kila mara ni saa chache kabla ya jaji kuketi, nina haki ya kuuliza.

Yanayofanywa na ukimya wa namna hiyo, wa kesi kuisha bila kusikilizwa, yanaonekana hata kwenye mashauri makubwa. Katika kisiwa cha Manus, nchini Papua New Guinea, Australia ilikuwa ikiwaweka watu waliofika kwa boti. Aprili 2016, Mahakama Kuu ya Papua New Guinea ilisema kuwazuilia watu wale kunavunja katiba ya nchi hiyo. Huko Australia kwenyewe, watu 1,905 waliokuwa wamezuiliwa Manus walifungua shauri la pamoja kuhusu hali waliyoishi. Juni 2017, siku ambayo ushahidi ulikuwa uanze kusikilizwa, serikali ilikubali kulipa dola milioni 70 za Australia, bila kukiri kosa. Siwalaumu hata kidogo waliopokea. Fedha ile waliihitaji na walistahili zaidi. Lakini miezi ya maandalizi, mashahidi, wataalamu, yote yaliishia kwenye hundi, na ushahidi ambao umma ungeusikia neno kwa neno ukabaki kwenye makabati.

Linganisheni na Brook House, kituo kilicho kando ya uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza. Mwaka 2017 mlinzi mmoja alibeba kamera iliyofichwa, na yaliyoonekana yakatangazwa kwenye televisheni. Watu wawili waliokuwa wamezuiliwa humo walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 wakapata uamuzi kwamba lazima uchunguzi ufanywe hadharani, na wenye uwezo wa kulazimisha mashahidi kufika. Ripoti ilitoka Septemba 2023. Ndani ya miezi mitano tu ya mwaka 2017, uchunguzi ulikuta matukio 19 yenye ushahidi wa kuaminika wa matendo yanayoweza kuvunja katazo la mateso na udhalilishaji, na ukapendekeza mtu asizuiliwe zaidi ya siku 28. Sisemi Uingereza imetibu ugonjwa wake. Ukomo huo haukuwekwa. Lakini leo hakuna anayeweza kusimama akasema hajui kilichotokea ndani ya jengo lile. Kuhusu chumba changu cha magodoro 11, bado mnaweza kusema hivyo, na mtaweza kuendelea kusema kwa muda wote ambao wateja wangu wanatoweka kabla ya saa tatu asubuhi.

Kuna mtu nataka mumjue, ingawa jina lake sitalitaja. Alikuwa ameomba hifadhi, na zilikuwa zimebaki siku tisa tu kabla ya mahojiano yake. Ombi lilikuwa na nguvu. Katika miaka yangu yote nimeshika machache yenye nguvu kama lile. Alikuwa na jino. Taya limevimba, anapewa vidonge viwili vya maumivu asubuhi na viwili jioni, kila nikiandika kuomba daktari wa meno najibiwa kwamba ombi linashughulikiwa. Wiki ya sita alisaini karatasi ya kurudi kwao. Nilifika nikiwa nimechelewa kwa siku moja. Hakunitazama, alizungumza na mkalimani. "Mwambie wakili asikasirike. Huko nitaogopa, lakini nitalala."

Karatasi ile ina maneno "kwa hiari yake". Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 33, unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Hakuna aliyemburuta. Jino ndilo lililomrudisha, pamoja na taa isiyozimwa na zamu ya pili ya godoro. Ndiyo maana nakataa kuambiwa kwamba madai ya hali ya vituo ni madai ya starehe, kwamba mambo makubwa ni hifadhi na uraia, na haya ya magodoro na maji ni ya watu wa hisani. Chumba kinaweza kuamua ombi la hifadhi kabla afisa hajalisoma.

Watoto siwezi kuwapita, ingawa kwangu hapa hapahitaji hoja ndefu. Mwaka 2012, katika shauri la familia ya Popov dhidi ya Ufaransa, wazazi walizuiliwa wiki mbili na mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa miezi mitano, na Mahakama ile ile ya Ulaya ikaona kwamba watoto wale walitendewa isivyo halali. Mwaka 2017 kamati za Umoja wa Mataifa za haki za mtoto na za wafanyakazi wahamiaji zilisema kwa pamoja kwamba mtoto asizuiliwe kamwe kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji au ya wazazi wake. Watoeni.

Ninachowaomba ni hiki. Mtu akishafungua shauri kuhusu hali ya kituo, asihamishwe bila wakili wake na mahakama kujulishwa kwa maandishi kabla gari halijawashwa. Mkitaka kumwachia, mwachieni, hata usiku wa manane, nami nitakuja kumchukua. Ila msiutumie uhuru wake kuomba shauri lifutwe. Mwacheni jaji aende akakione chumba, siku ambayo hamkuambiwa. Itifaki ya Hiari ya Mkataba dhidi ya Mateso, inayotumika tangu 2006, imejengwa juu ya wazo hilo hilo, kwamba watu huru wasiowategemea ninyi waweze kuingia mahali popote pa kizuizi. Fomu za malalamiko ziwe katika lugha za wanaolalamika. Na kila anayezuiliwa apelekwe mwenyewe, kwa miguu yake, mbele ya hakimu ndani ya saa 48, kama Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilivyoamuru mwaka 2017. Hakimu akimwona mtu taya limevimba, atauliza swali ambalo jalada haliulizi.

Mmekuwa mkisema kwamba sisi mawakili tunachelewesha kazi ya uhamiaji. Kesi ya kwanza ingesikilizwa hadi mwisho, tungekuwa na hukumu, na mngejua mnatakiwa kufanya nini katika vituo vyote. Badala yake mnaniondolea mteja mmoja, narudi na mwingine wa chumba kile kile, na nitarudi na wa tano, na wa sita.

Najua pia kwamba wengi wenu mnabanwa kutoka juu, na bajeti mnayopewa si ya watu mnaoletewa. Askari mmoja wa zamu ya usiku alinisindikiza mpaka getini, akaangalia nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini: "Wakili, na sisi tunakunywa maji hayo hayo." Mahakama ikisikia kesi hii, naye atakuwa amesikilizwa.

Wiki mbili kutoka leo nina shauri jingine. Mleta maombi ni yule mzee mwenye mgongo. Mpaka leo yumo mle mle, na amekubali kuweka jina lake. Nimewatumia nakala ya hati zote, pamoja na mchoro wangu wa penseli. Shauri litaitwa saa tatu kamili asubuhi. Naomba aletwe, na apewe kiti chenye egemeo, kwa sababu hawezi kusimama zaidi ya dakika kumi.

Wenu katika kazi ya sheria,

Wakili wa mleta maombi